Mzee Aliyegonga Mara Tatu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaofanya kazi nami wanalijua hilo. Ndiyo maana Kiprugut, mkuu wetu katika ofisi ya Nakuru, aliponiita mezani kwake asubuhi moja ya Februari anionyeshe mistari kwenye kompyuta, aliniuliza kwanza kama nimekunywa chai.

"Nimekunywa," nikasema. "Leta hiyo mbaya."

Mbaya yenyewe ilikuwa hivi. Siku mbili nyuma tetemeko dogo lilikuwa limepita chini ya bonde, upande wa kaskazini wa Menengai, dogo hivi kwamba hata kikombe mezani hakikucheza. Vyombo vyetu sita vya kupimia mitetemeko vililinasa. Kimoja, kile cha mlimani juu ya Rongai ambacho shimo lake nililichimba kwa mikono hii, kilikuwa karibu zaidi, na ndicho kilichopaswa kutuambia mwamba ulikatikia kina gani. Lakini pale pale wimbi la kwanza lilipofika, mstari wake ulivurugwa na miiba mitatu mirefu, mmoja baada ya mwingine. Hatukuweza kusoma kitu.

"Na si siku moja," Kiprugut akasema, akaanza kurudisha mistari nyuma. Jana, miiba mitatu. Juzi, mitatu. Kila asubuhi karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, kisha kimya. "Nimerudi mpaka Disemba ya mwaka juzi, tulipoweka hiyo stesheni. Kila siku. Hata Krismasi iko."

"Na hatukuona?"

"Nani angeona? Programu inatupa kelele ya watu. Lori ikipita, inatupa. Ng'ombe akikanyaga, inatupa. Hii nayo imekuwa ikitupa kila asubuhi." Akavua miwani. "Enda uangalie ni nini. Kama inaweza kuisha, iishe. Kama haiwezi, ng'oa hiyo stesheni mwisho wa mwezi tupeleke mahali kumetulia."

Nilitoka pale nimefura. Kung'oa kituo ni kazi ya siku tatu za jasho, lakini hilo silo lililonichoma. Kituo kile kina mtunzaji, namjua, na nilijua kwamba tukikiondoa hatabaki na mtu wa kubisha kwenye mlango wake.

Jina lake ni Wamalwa. Ana miaka sitini na tisa. Alitoka Kimilili, huko Bungoma, akiwa kijana wa ishirini, amemfuata mjomba aliyekuwa fundi wa reli Nakuru, na mjomba alikuwa ameshamtafutia kazi ya kupaka grisi mabehewa. Wamalwa akafanya wiki moja. Wiki ya pili akaenda na rafiki kuona timbo, yaani machimbo ya mawe ya kujengea, na hakurudi tena kwenye grisi. Aliniambia alipenda kwamba jiwe likitoka mkononi mwako lina kona nne, na kesho linakuwa ukuta wa mtu.

Alikata mawe kwa miaka arobaini na tatu. Ukipita naye Rongai atakuonyesha darasa, kanisa, choo cha soko, na kila mahali atasema, "Hiyo ni mkono yangu." Timbo ilikuwa na wanaume arobaini. Kisha mawe laini yakaisha, ukabaki mwamba mgumu usiokatika kwa nyundo. Mashine za kukata zikaja mahali pengine, na wanaume wakaondoka mmoja mmoja. Kimeli alikwenda Molo kulima viazi. Nderitu, aliyekuwa anakata naye bega kwa bega, alikufa kwa kifua. Mkewe Wamalwa alikuwa amemtangulia Nderitu kwa mwaka mmoja.

Alitaka kurudi kwao. Alipofika Kimilili alikuta ndugu zake wameshagawana shamba, na kipande chake kina nyumba ya mpwa. Wakamwambia kwa upole kwamba yeye sasa ni mtu wa Nakuru. Rongai nako, ukiuliza, watakuambia yule mzee wa Bungoma. Basi akabaki kwenye nyumba yake ya vyumba viwili pembeni mwa shimo la timbo, na kuku watatu. Ana binti, Nabalayo, anayechambua maua kwenye shamba moja la Naivasha. Binti hupiga simu Jumapili baada ya kanisa na huja Disemba. Nayasema haya upesi kwa sababu mwenyewe huyasema upesi, na ukijaribu kumrudisha nyuma atakuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Mimi ndiye niliyemchagua. Tulikuwa tunatafuta mwamba mzima usio na udongo juu, mbali na barabara kuu, wenye mtu wa karibu wa kuzuia mbuzi na wezi wa betri. Kwa Wamalwa palikuwa na vyote. Tulichimba shimo, tukaweka chombo chini, tukasimamisha bamba la sola, na siku ya mwisho tukafanya jaribio ambalo hufanywa kila mahali: mtu anagonga mwamba, na mwingine anaangalia kama mstari umeruka. Nilikuwa na msichana wa ofisi yetu ya Nairobi, ambako mistari hupokelewa, kwenye simu, sauti imefunguliwa. Nikamwambia Wamalwa, kwa sababu nyundo ilikuwa mkononi mwake, "Gonga hapo, mzee."

Akagonga mara tatu.

"Tumekusikia, mzee," msichana akasema kwenye simu. "Tatu."

Wamalwa aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Nami, kwa majivuno ya mtu aliyemaliza kazi, nikamwambia kwamba huko Nairobi wako watu wanaosikiliza usiku na mchana, hata jani likianguka vibaya watajua. Nilisema hivyo huku nakunja waya. Nilikuwa na njaa na nilitaka kufika mjini kabla ya mvua.

Tangu hapo nilikwenda kila wiki sita kufuta vumbi kwenye sola na kupima betri. Ni kazi ya nusu saa. Wamalwa aliigeuza ya saa tatu. Kiti kilikuwa kimeshatolewa nje kabla sijazima gari, chupa ya chai iko juu ya tofali, na kila mara kulikuwa na jambo ambalo lazima nilione. Nilikuwa naangalia saa kwa wizi. Sijivunii hilo.

Mara ya tatu au ya nne nilimkuta anapasua jiwe la kizingiti. Alikuwa ametoboa vishimo vidogo katika mstari, akatia kabari ya chuma katika kila kishimo, na alikuwa akizigonga moja baada ya nyingine, polepole, akifika mwisho anaanza tena. Nilivumilia mizunguko minne.

"Mzee, si upige moja kwa nguvu liishe?"

"Ukipiga moja kwa nguvu linapasukia kwenye linataka lenyewe," akasema bila kuinua kichwa. "Unagonga zote kidogo. Halafu unasikiliza. Sauti inabadilika."

Nilisikiliza. Sikusikia mabadiliko yoyote. Yeye alisikia, akaacha kugonga, akakaa kitako. Baada ya muda, bila mtu kuligusa, jiwe likatoa mlio mdogo mkavu na kufunguka kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sasa wewe umesoma," akasema. "Hapo ndani ni nini imeachana?"

Nimefanya kazi na mitetemeko miaka tisa, na watu huniuliza lini litakuja kubwa, au kama ni kweli Afrika itakatika katikati. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikaketi, nikasahau saa.

Nilimwambia kwamba jiwe lake, ukilishuka chini kuliko macho yanavyoweza kushuka, ni vijipande vidogo mno vinaitwa atomu, na vilivyo vingi humo ni vya aina mbili, silikoni na oksijeni. Kila silikoni imeshikwa na oksijeni nne, na kila oksijeni imeshika silikoni upande huu na nyingine upande ule. Zinashikana kwa kugawana elektroni, na mshiko huo, tunaouita kifungo, ndio ugumu anaousikia mkononi anapogonga. Ukizivuta, vifungo vyao vinanyooka kidogo. Ukiacha, vinarudi. Jiwe linaonekana limelala tu, kumbe ndani limevutwa na linavumilia.

"Linavumilia mpaka lini?"

"Mpaka kifungo kimoja kikatike. Kikikatika, ule mzigo kiliokuwa kimeubeba unamwangukia jirani yake. Jirani naye alikuwa na wake. Anakatika. Unamwangukia wa tatu. Ufa unakimbia hivyo, kifungo kwa kifungo, ila upesi sana."

Alitikisa kichwa muda mrefu. "Ni kama sisi hapa. Mtaimbo mkubwa tulikuwa tunashika watu wanne. Mmoja akitoka, mnashika watatu, mnasema ni sawa. Akitoka mwingine mnashika wawili." Hakuendelea kuhesabu.

Akaniambia wao walikuwa wakimimina maji kwenye vishimo jioni na kuacha jiwe lilale, na asubuhi linakuwa rahisi. Walidhani maji yanalainisha. Nikamweleza kwamba maji huingia mpaka kwenye ncha ya ufa na kujipenyeza pale silikoni na oksijeni zilipovutwa sana, yakashikana nazo yenyewe, na kifungo kinaachia kwa nguvu ndogo kuliko ambayo kingehitaji. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba alikuwa sahihi miaka yote. Na mimi, nakiri, nilifurahi kuliko yeye.

Kisha akauliza juu ya bonde lenyewe, na nikamwonyesha kwa mkono. Upande wa Mau ni bamba moja la ardhi, upande wa Nyandarua ni lingine, na yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, polepole mno kuliko ukucha unavyokua. Joto la chini linaiinua nchi, na nchi iliyoinuliwa inajivuta kando kwa uzito wake. Lakini mwamba haukubali kuachana kidogo kidogo. Vifungo vyake vinashika, vinanyooka, kani inazidi kujikusanya miaka mia, miaka mia mbili, halafu siku moja mahali pamoja panachoka na ufa unakimbia kilomita nyingi. Kule kurudi kwa mwamba uliokuwa umevutwa, kurudi kwa ghafla, ndiko kunakotikisa nyumba.

"Na likishaachana, linaweza kushikana tena?"

"Huko chini, ndiyo. Kuna joto, kuna uzito juu yake, na maji yanaleta madini ya kuziba. Ila inachukua miaka. Hapa juu, hapana. Atomu za ukingoni zikibaki wazi, zinashika chochote kilicho karibu. Unyevu, vumbi. Hata ukirudisha vipande vikutane, vimeshashikwa na vingine."

"Ukirudisha haraka? Kabla ya vumbi?"

Nikacheka. "Hakuna mtu ana haraka hivyo, mzee."

Yeye hakucheka. Nilifika mjini usiku ule nimechelewa, na Kiprugut akaniuliza kama gari limeharibika.

Basi huyo ndiye mtu ambaye nilitumwa kwake nikatafute miiba mitatu. Nilidhania kuku, nikadhania jirani anayepasua kuni, nikadhania mlango wa bati. Niliondoka Nakuru alfajiri, nikafika juu ya Rongai kumekucha, ukungu umeinuka nusu. Sikutaka kuharibu mstari, kwa hiyo niliegesha mbali na kutembea hadi kwenye mwinuko ninakoweza kuuona uwanja wote.

Saa kumi na mbili na nusu na kitu, Wamalwa alitoka ndani. Alikuwa amenawa uso, amevaa koti lake la kanisani juu ya sweta, na ana nyundo. Alitembea hadi kwenye mwamba ulio wazi, hatua tano kutoka kwenye shimo la chombo. Akapiga magoti kwa shida ya mtu mwenye magoti mabovu. Akagonga mara tatu, si kwa nguvu, kwa nafasi sawa.

Halafu akatulia, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilihesabu dakika nne. Kuku walikuja wakazunguka miguu yake na hakuwafukuza. Ndipo akainuka, akajifuta magoti na kurudi ndani, na bati la jikoni likaanza kutoa moshi.

Nilibaki pale nimesimama. Sikuwa na hasira hata kidogo, na ingekuwa afadhali ningekuwa nayo. Nilikuwa nimeelewa nusu, na nusu hiyo ilinitia baridi.

Aliponiona nikishuka alifurahi, akatoa kiti, akasema wiki sita hazijafika. Nikamwambia nimemwona. Hakushtuka wala hakuona haya.

"Ni ile ya timbo," akasema, akaketi juu ya tofali. "Asubuhi kuna ukungu, na ukuta ni mrefu, huwezi kujua nani yuko juu yako. Kwa hivyo ukifika kwa sehemu yako unagonga tatu. Mwenzako akifika anagonga tatu. Inazunguka hivyo mpaka kila mtu amegonga. Ni kusema, niko hapa, usiangushe jiwe upande wangu. Na kama mtu hajagonga, hatuanzi kazi. Tunaenda kumtafuta."

"Wote walipoondoka?"

"Niliendelea na Nderitu. Nderitu akienda, nikaacha. Utagongea nani?" Akanimiminia chai. "Halafu mkakuja na hii chombo. Yule msichana akasema, tumekusikia mzee, tatu. Nikaona, basi, kuna watu tena. Si lazima wajibu. Mimi nilikuwa nataka tu wajue niko."

Nikakiweka kikombe chini.

"Hao watu wa Nairobi," akaniuliza, "wakisikia hiyo tatu, huwa wanasema nini?"

Nilikuwa na uongo tayari, na ulikuwa mzuri. Ningesema wanakuita mzee wa tatu, wanakusalimu, wakianza kazi wanauliza kama umeshagonga. Nimedanganya watu kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini akaongeza, "Yule msichana mwenyewe bado yuko?"

"Aliacha kazi, mzee. Mwaka jana. Yuko benki."

"Na nani alichukua nafasi yake?"

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote kama yalivyo: kwamba hakuna mtu anayeketi akisikiliza, kwamba ni kompyuta, na kompyuta imefundishwa ikisikia binadamu itupe, kwa sababu sisi tunatafuta ardhi tu. Nikamwambia kwamba nilisema vile siku ile kwa sababu nilikuwa na haraka. Aliyasikiliza maneno yote, hakunikatiza.

"Kwa hivyo hakuna mtu."

"Hakuna, mzee."

"Miezi kumi na nne."

"Kumi na nne."

"Na siku moja ningekosa kugonga, hakuna mtu angeuliza?"

"Hakuna."

Alitazama nyundo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utotoni, ile ya kutaka ardhi ipasuke uingie. Nikasema la kazi, kama waoga wanavyofanya. Nilimweleza kuhusu tetemeko lililoharibika, na kwamba mkuu wangu anataka kukiondoa chombo mwisho wa mwezi kama kelele haitaisha. Nikampa njia niliyokuwa nimeifikiria pale kwenye mwinuko: agonge ng'ambo ya pili ya shimo la timbo, mbali, chombo hakitasumbuka.

"Na huko nani anasikia?"

"Hakuna."

"Basi huko sina kazi." Akanywa chai yake, akatafuna sukari iliyobaki chini. "Nikinyamaza, chombo inabaki?"

"Inabaki."

"Na wewe utakuja vile unakujanga? Kila wiki sita?"

"Nitakuja, mzee. Nimekuahidi."

"Sawa," akasema. "Nitanyamaza."

Kesho yake niliamka mapema, nikafungua kompyuta na kuutazama mstari wa kituo chake moja kwa moja, dakika kwa dakika. Nilikuwa mtu wa kwanza kuketi na kukisikiliza kituo kile saa hiyo, na hakukuwa na kitu cha kusikia. Lori lilipanda kilima barabara kuu, mstari ukavimba kidogo, ukalala.

Machi, Aprili, Mei, alinyamaza. Na nilipofika niligundua anavyonyamaza. Kuni alikuwa anapasulia chini bondeni, mbali. Kuku aliwahamishia nyuma ya nyumba. Kizingiti kingine alichokuwa amekianza alikiacha na kabari zake ndani, zikapata kutu. Alitembea uwanjani kwake akiweka miguu polepole kama mtu aliye na mgonjwa chumba cha pili. Nilimwambia hahitaji kufika huko. Akasema mimi nimesomea ardhi, yeye amesomea kelele.

Hata mazungumzo yetu yalipungua. Chai ilikuwepo, kiti kilikuwepo, na mimi sikuiangalia saa tena. Nilimletea maswali, nikampelekea kipande cha mwamba wa Olkaria mweusi unaong'aa, nikamweleza kwa nini atomu zake hazikupangana. Alikipokea, akakigeuza, akashukuru. Hakuniuliza kitu.

Kiprugut alifurahi mno. Julai alinasa tetemeko dogo la upande wa Bogoria kutoka kituo kile, wimbi la kwanza limekatika safi kama limechorwa kwa rula, na katika ripoti yake akaandika kwamba hicho sasa ndicho kituo kimya kuliko vyote bondeni. Aliniambia nimpe mzee pongezi za ofisi.

Agosti akaniita tena mezani. Gari la pili lilikuwa limeharibika na mafuta yalikuwa yamepunguzwa. Vituo vyenye matatizo vitatembelewa kama kawaida. Visivyo na tatizo vitatembelewa mara moja kwa mwaka. Akanionyesha orodha, na cha kwanza kwenye visivyo na tatizo kilikuwa cha Wamalwa.

Nilipaza sauti hata watu wa chumba cha pili wakafunga mlango. Nilimwambia tulimwahidi. Kiprugut si mtu mbaya. Aliniacha nimalize, kisha akaniuliza, "Tulimwahidi, ama ulimwahidi?"

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, maana hilo si la kusema kwa simu. Simu yake ni ya vibonyezo, huipeleka dukani kuchaji, na kwenye simu Wamalwa hana maneno: ni salama, ni asante, imekatika. Nilimkuta ameketi nje, kiti changu kiko tayari. Nikasema bila kuzunguka, nikiwa bado nimesimama. Kituo ni kizuri sana, mzee, hakina tatizo lolote, ndiyo sababu hawaoni haja ya kutuma mtu. Mpaka Agosti ijayo.

Alinisogezea kiti.

"Kumbe nimenyamaza vizuri kupita kiasi," akasema.

Hakuwa na uchungu sautini. Alisema kama fundi anayeangalia ukuta alioujenga akakuta amekosea kipimo. Nikamwambia nitakuja mwenyewe Jumamosi, bila gari la ofisi, nitapanda bodaboda kutoka Rongai, tutakimaliza kile kizingiti kwa nyundo na kelele zake zote na Kiprugut afanye atakalo. Akasema, "Karibu, mwanangu," kwa namna mtu anavyomjibu mgeni anayesema atarudi.

Hiyo ilikuwa Agosti. Sasa ni Oktoba. Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili mama yangu alikuwa na kliniki. Baada ya hapo sikuwa hata na sababu nzuri. Nimempigia simu mara mbili, akaniambia yuko salama, na chombo iko salama. Naingia ofisini kabla ya wenzangu, naketi, nautazama mstari wa kituo chake jua likichomoza. Umenyooka, safi, hauna doa, na hauwezi kuniambia kama ameamka.